Nili

Baba alikuwa na mikono ya buluu.
Si sana: buluu iliyojibanza kwenye mizizi ya kucha
na katika mistari ile wanayoisoma wapiga ramli.
Miaka kumi na tisa, idara ya rangi, kiwanda cha nguo.
Akimega ugali wa muhogo
sisi watoto tuliutazama, kama utabadilika.

Haukubadilika. Mfereji ndio uliobadilika.
Nyuma ya Walukuba Jumatatu ulipita mwekundu,
Jumatano kijani, Ijumaa buluu,
tukazijua siku za wiki kabla ya kujua kusoma.
Rangi ile mtaani waliiita nili,
na mwalimu aliposema Nili ni mto mrefu unaoanzia kwetu, Jinja,
sikushangaa. Niliuona ukianza
kila Ijumaa, chini ya ukuta wa kiwanda.

"Baba, nili inatoka wapi?"
"Kwenye pipa."
"Na pipa?"
"Melini. Na kabla ya meli, mafuta,
chini ya ardhi ya watu tusiowajua."
Akakohoa. Alikohoa mpaka nikafika darasa la sita,
kisha hakukohoa tena.

Tukabaki na mitungi ya mama.
Ulezi ukaloweka, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa,
na usiku mama akaweka sikio kwenye udongo:
"Wamelala." Au: "Wameamka, wanazozana."
Hakusema pombe. Alisema wao.
Ada yangu ya shule ililipwa na wao.

Sasa ni saa nane usiku, na mimi Athieno,
niliyezaliwa saa kama hizi,
nimeweka sikio kwenye tangi la chuma.
Ni wao walewale. Hamira.
Ila tumewashonea kiraka ndani ya jeni zao,
kitambaa kidogo cha mmea, kidogo cha bakteria,
ili sukari wanayokula isiwe kilevi tu,
iwe nili.

Mara ya kwanza walikufa wote.
Mara ya pili walitoa harufu ya choo,
hata mlinzi Adriko akapanda ngazi kuuliza
bomba gani limepasuka.
Ya tatu, ya nne, sitaki kuzisimulia.

Namuwaya, mwenzangu wa zamu, hakuuliza kuhusu rangi.
Aliuliza: "Hawa watu wako wanakula nini?"
Molasi.
"Na molasi?"
Miwa.
Akanyamaza. Kwa bibi yake, Luuka,
miwa imefika hadi ukuta wa jiko,
viazi vinapandwa katikati ya makaburi.
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Yeye ameanza kuanika maganda ya matoke juu ya paa,
anagombana na mbuzi wa jirani,
na hamira wanayala kwa kususa,
kama mtoto aliyeonja keki akarudishiwa uji.

Usiku huu nimefungua koki.
Maji yametoka hayana rangi, kama ya kuoshea mchele.
Nikatia kimeng'enya, nikakoroga kwa mwiko wa mama
(kanuni zinakataza, nisamehewe),
nikaacha hewa iingie.
Kwanza hakuna.
Kisha pembeni, kijanikijani cha aibu.
Kisha buluu, ikipanda kutoka chini
kama mtu anayekumbuka jina.

Gramu tatu.
Nimezipima mara mbili, ni gramu tatu.
Kiwanda kinatumia tani.

Glavu ilikuwa imetoboka. Kidole cha shahada
kina mstari mwembamba kwenye mzizi wa ukucha.
Nimekwenda bombani, nimefungua, nimefunga.
Sijanawa.

Alfajiri nikarudi nyumbani kwa njia ya mfereji.
Unapita buluu: Ijumaa.
Mama atakuwa ameamka, ataniuliza wamelalaje.
Natamani asubuhi moja nipite hapa, nisimame,
niyatazame maji,
nishindwe kujua leo ni siku gani.